Unataka Keja ya Godauni Thika? Skiza Kwanza

Msee, kama unaishi Ngoingwa kwa bedsita ndogo hadi sufuria inalala chini ya kitanda, lazima umewahi pita Industrial Area ya Thika, ukaona godauni limefungwa, ukawaza: si hii ingekuwa keja noma? Paa liko juu, nafasi ya kurekodi ngoma iko, mbogi nzima inaenea.

Cheki sasa. Hii stori ilianzishwa na watu waliosota. Miaka ya 1960 wasanii wa New York waliingia viwanda tupu vya SoHo juu kodi ilikuwa chini. Kisheria hawakufaa kulala humo. Sheria ya kuwalinda ilikuja 1982, na kufikia hapo wenye doh walikuwa washapenda mtaa. Wasanii kibao walifurushwa na bei.

Huku kwetu, GoDown Arts Centre ya Nairobi ilianza 2003 ndani ya ghala, lakini hiyo ni ya kazi ya sanaa, si ya kulala. Ukitaka kulala, mwenye godauni aombe kaunti ya Kiambu kibali cha kubadilisha matumizi ya ploti. Alafu choo, maji, madirisha, mlango wa kutorokea moto. Na mabati saa nane mchana? Utaiva.

Lakini swali langu ni, hilo godauni lilifungwa juu ya nini? Pengine jirani yako hapo Ngoingwa alikuwa anapiga shifti humo, na saa hii anadaiwa kodi ya miezi miwili. Likigeuzwa keja za kupostiwa TikTok, yeye hata deposti hataweza.