Kisanduku cha Kimo Si cha Hiari!

Leo siandiki juu ya simu mpya wala bei ya bando. Nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu wa kazi yangu, waandishi wa programu, mimi mwenyewe nikiwa mshtakiwa wa kwanza.

Mnakumbuka 2020? Korona ilipoingia, kila mwenye bisibisi na mota alitaka kuunda mashine ya kupumulia. Chuo Kikuu cha Kenyatta wakatoa Tiba Vent, nasi tukapiga makofi. Nilipiga pia, wakati huo nilikuwa bado chuoni. Sina neno baya juu ya waliounda mashine ile. Neno langu ni kwetu sisi watazamaji, tuliodhani kwamba kazi ngumu ni kusukuma hewa.

Kusukuma hewa ni rahisi jamani! Mwaka 1952 kule Copenhagen, polio ilipolemaza misuli ya kupumua ya wagonjwa wengi, daktari Bjørn Ibsen alitumia mfuko wa mpira unaokamuliwa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wakaletwa kwa zamu, mchana na usiku, wakikamua tu, na vifo vikashuka sana. Mkono wa mwanafunzi ulitosha. Swali lililochukua karibu miaka 50 zaidi kujibiwa ni hili: hewa kiasi gani?

Hapa ndipo anapoingia mtu ninayetaka mumjue, Luciano Gattinoni, mtafiti kutoka Italia. Kuna hali ambayo madaktari huiita ARDS, mapafu hujaa majimaji ghafla na oksijeni ikashindwa kupita. Zamani iliaminika kwamba pafu zima limekuwa gumu, kwa hivyo dawa ni kusukuma kwa nguvu. Mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mgonjwa ilikuwa kawaida. Miaka ya 1980 Gattinoni na wenzake waliwapiga wagonjwa hawa picha za CT, wakaona jambo tofauti kabisa. Pafu halikuwa gumu lote. Sehemu kubwa ilikuwa imefungwa, na sehemu ndogo iliyobaki wazi ilikuwa karibu na hali yake ya kawaida, ila ukubwa wake ni kama pafu la mtoto wa miaka 5 au 6. Wakaliita pafu la mtoto. Sasa fikiria unamsukumia mtu mzima hewa ya mtu mzima, na yote inakwenda kwenye pafu la mtoto wa chekechea. Vifuko vya hewa vinavutwa hadi kuchanika. Mashine iliyoletwa kuokoa ndiyo inayoumiza.

Ushahidi mkubwa ulikuja mwaka 2000 kutoka Marekani, katika jaribio la wagonjwa 861. Kundi moja lilipewa mililita 12 kwa kilo, lingine 6. Waliopewa 12 walikufa asilimia 39.8, waliopewa 6 asilimia 31.0. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. Hakuna dawa mpya hapo wala mashine mpya. Ni namba moja tu iliyobadilishwa kwenye skrini!

Lakini kilo zipi? Hapo ndipo sisi wa kompyuta tunapoharibu. Si kilo za mizani. Mtu akinenepa mapafu hayanenepi naye, ukubwa wa mapafu hufuata kimo. Kwa hivyo jaribio lile lilitumia uzani wa kukadiria: chukua kimo kwa sentimita, toa 152.4, zidisha kwa 0.91, kisha jumlisha 50 kwa mwanamume au 45.5 kwa mwanamke. Mstari mmoja wa msimbo. Mwanafunzi wa muhula wa kwanza anauandika akinywa chai.

Na mimi mwenye digrii sikuuandika. Hospitali moja ndogo ilinipa kazi ya kutengeneza fomu za wodi ya wagonjwa mahututi. Kisanduku cha uzani nikakiwekea nyota nyekundu, lazima kijazwe. Kimo nikakifanya cha hiari, maana nilidhani ni cha kupamba. Programu ikachukua uzani, ikazidisha kwa 6, ikatoa pendekezo kwa herufi nzuri za kijani. Iliendelea hivyo kwa miezi minne, hadi sista mmoja wa zamu ya usiku aliponiita.

"Kijana wangu, njoo uone. Huyu mama ni mfupi kuniliko, kompyuta yako inampa hewa ya mwanajeshi."

Tukapiga hesabu pamoja kwenye karatasi. Sentimita 155, kilo 82 za mizani. Fomu yangu ilisema mililita 492. Hesabu sahihi ni 287. Yaani niliandika 6 kwenye msimbo, lakini mapafu ya mama yule yangepata zaidi ya 10. Sista hakuifuata skrini, alitoa tepu ya fundi cherehani mfukoni akapima mwenyewe. Sikuthubutu kumuuliza ni wangapi waliopita zamu ambazo hakuwepo.

Nimewasimulia wenzangu kisa hiki, na majibu yao ndiyo yaliyonifanya niandike kwa hasira. Wa kwanza alisema sisi si madaktari, mteja hakuomba. Upuuzi! Ukiweka nyota nyekundu hapa na usiweke pale, tayari umeshatibu. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wanne hajazi kisanduku cha hiari saa tisa usiku, nawe unalijua hilo vizuri, ndiyo maana kisanduku cha namba ya simu kwenye programu zako za biashara huwa cha lazima. Wa pili akasema tuweke akili bandia itabiri kiasi cha hewa. Ndugu yangu, akili bandia ya nini na tepu hujanunua?

Na msidhani ni shida ya Kenya peke yake. Utafiti uliochapishwa 2016, uliopita kwenye wodi 459 za mahututi katika nchi 50, ulikuta zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa wa ARDS wakisukumiwa zaidi ya mililita 8 kwa kilo, miaka zaidi ya 10 baada ya jibu kujulikana. Wanaoumia zaidi ni wanawake na watu wafupi, kwa sababu mtu akikisia kwa macho hukisia mililita 500 kwa kila mtu.

Fomu yangu sasa haiendelei bila kimo. Mgonjwa amelala, hawezi kusimama? Inauliza urefu wa mfupa wa mkono, kutoka kiwiko hadi kifundo, na kukadiria. Uzani wa mizani bado upo kwa ajili ya dawa, ila hauingii kwenye hesabu ya hewa. Juzi daktari mmoja alinipigia simu akifoka kwamba mfumo umekwama na mgonjwa anangoja. Nikamwambia mfumo haujakwama daktari, tepu imefungwa kwenye kitanda, upande wa kichwani.