Benki Kuu na Lugha ya Sokoni

Kwenye noti zetu yameandikwa maneno "Banki Kuu ya Kenya". Hapa Eldoret nafunza wanafunzi kuandika "benki", nayo tahajia hiyo hunikera kila nilipapo nauli. Lakini hilo ni dogo.

Kifungu cha 231 cha Katiba ya 2010 kinaipa Benki Kuu wajibu wa kuunda sera ya fedha, kudumisha uthabiti wa bei na kutoa sarafu, bila kuelekezwa na mtu yeyote. Uhuru huo una historia chungu. Tuliokuwa shule ya msingi mwaka wa 1993 twakumbuka: fedha zilikuwa zimemwagwa wakati wa uchaguzi wa 1992, ikaja Goldenberg, na mfumko wa bei ukapita asilimia 40. Mshahara wa mwalimu uliyeyuka mfukoni.

Leo Kamati ya Sera ya Fedha hupandisha na kushusha riba. Februari 2024 iliifikisha asilimia 13. Taarifa yake ilikuwa Kiingereza cha wataalamu, na mwalimu wa Turbo mwenye mkopo huenda aliipata habari makato yalipoongezeka. Wanauchumi wenyewe husema kwamba bei hufuata pia matarajio ya watu. Je, mama muuza mahindi hujenga matarajio yake kwa lugha gani?

Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa, tena rasmi. Istilahi tunazo: riba, akiba, mfumko wa bei. Taarifa ya Kamati na itolewe kwa lugha zote mbili, siku ile ile.