Kabla hujaziba jino, sema ulilipaka nini!

Kama hujambo kote isipokuwa jino, vuta kiti karibu, leo ni zamu yako.

Mjini kuna mtindo mmoja. Mtu akikaribia harusi anataka meno meupe pee, na hapo hapo ana jino la mbele limetoboka. Basi anapanga yote ndani ya wiki moja: Jumatatu kung'arisha, Jumatano kuziba, Jumamosi ukumbini. Mahesabu mazuri, ila jino halijui ratiba ya kamati ya harusi!

Hapo ndipo pesa inapoliwa. Kizibo kinaweza kubanduka mapema, au kikaachia pembeni na uozo ukapita chini kwa chini. Ukirudi, daktari anachimba zaidi, na jino si ukucha kwamba litaota tena.

Kisa ni nini? Kile kizibo cheupe ni resini, yaani aina ya plastiki iliyochanganywa na chembechembe za kioo. Kinawekwa kikiwa laini, kisha kinamulikwa na ile taa ya bluu mpaka kigande. Chenyewe hakijishikizi, kinataka gundi, na gundi nayo ni resini.

Mwaka 1955, Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kwamba gamba la juu la jino, enameli, likipakwa kwanza asidi ya fosfori, plastiki inalishika vizuri zaidi. Ni kama fundi anavyoparuza ukuta laini kabla ya kupiga plasta. Lakini chini ya enameli kuna dentini, na huyo ndiye mwenye maringo. Ana unyevunyevu, ana vijitundu vidogo sana vyenye majimaji, na ana nyuzinyuzi ziitwazo kolajeni. Asidi ikipakwa kama sekunde 15 na kusuuzwa, inaondoa utando wa vumbi la kuchimba na kuziacha nyuzi wazi. Gundi inapenya katikati yao na kugandia humo humo. Mjapani Nobuo Nakabayashi na wenzake walilieleza tabaka hilo mwaka 1982. Dentini ikikaushwa mno, nyuzi zinalala kama mchicha uliopigwa na jua, gundi inakosa njia. Ikiachwa na maji mengi, gundi inazimuliwa.

Sasa turudi kwa bibi harusi wetu. Dawa nyingi za kung'arisha meno zinafanya kazi kwa peroksaidi. Ikishamaliza kazi, inaacha oksijeni ndani ya jino, na oksijeni ni adui wa resini, inaizuia isigande sawasawa. Oksijeni hiyo hutoka yenyewe, ila inataka muda. Ndiyo maana madaktari husema ng'arisha kwanza, subiri kama wiki mbili, halafu ziba. Kuna faida nyingine: dawa haibadilishi rangi ya kizibo. Ukiziba kwanza, jino litang'aa na kizibo kitabaki na rangi yake ya zamani, utaonekana una kiraka mdomoni!

Wa pili ni karafuu. Nani kwetu hajawahi kuambiwa na bibi aume karafuu jino linapomkaba usiku? Bibi hakukosea. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, kitu kinachotuliza maumivu, na hata madaktari huichanganya na oksaidi ya zinki kutengeneza kizibo cha muda. Tatizo ni kwamba yujenoli nayo inaweza kuizuia resini isigande vizuri. Daktari akijua, atasafisha inavyopasa au atachagua njia nyingine.

Wa tatu anapatikana kwa waliosafishwa mzizi wa jino. Dawa inayotumika sana kuua vijidudu humo ni haipokloraiti ya sodiamu, ile ile iliyomo kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Inaua vijidudu kweli, lakini inakula kolajeni na kuiachia dentini hali inayoizuia gundi kushika. Watafiti wameona kwamba kuisuuza dentini kwa askobati, jamaa ya vitamini C, kunasaidia kurudisha nguvu ya gundi. Usikimbilie kusugua ndimu nyumbani, tafadhali! Ndimu itakumalizia enameli bure.

Na wewe uliyekulia Arusha au Kilimanjaro ukinywa maji yenye floraidi nyingi, meno yakatoka na madoa ya kahawia, mwambie daktari. Enameli ya namna hiyo mara nyingi huwa sugu kwa asidi, na huenda akahitaji kuipaka kwa muda mrefu zaidi.

Najua wengi wanaona haya. Kajinunulia dawa ya kung'arisha dukani, kapaka kimya kimya, akifika kwa daktari anajibu, "Sijatumia kitu." Ndugu yangu, daktari haoni oksijeni kwa macho, na kizibo hakitunzi siri. Mwambie ulipaka nini na lini. Kama harusi ni Desemba, ng'arisha Novemba mwanzoni, maana wiki mbili za kusubiri ni bei ndogo kuliko jino.

Kwa leo wino umekauka. Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa.