Pete ya Mpira na Mionzi Tunayoiogopa

Siku ya mnada hapa Mhunze, mkoani Shinyanga, mashine ya kusaga ilipozimika ghafla na akina mama wakaziweka ndoo zao za mahindi na mtama chini ya mwarobaini, fundi alichomoa kijipete cha mpira wa bei rahisi, kimekauka na kupasukapasuka, akakiinua juu na kusema neno moja: sili, yaani pete ya kuzuia uvujaji. Twafanya fakhari kwa almasi ya Mwadui, ambayo mwanajiolojia Williamson aliigundua mwaka 1940, na kwa dhahabu ya Geita. Lakini pampu na mitambo yote ya huko, ikikosa pete kama hizo, ni vyuma vitupu.

Mpira wa asili, ambao tangu mwaka 1839 Charles Goodyear alijua kuuimarisha kwa salfa, huvimba ukilowa mafuta. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1950 viwanda vya ng'ambo hutengeneza mpira wenye florini, ustahimilio dizeli na joto la takriban nyuzi 200. Kabla haujakomaa, mpira huu ni mithili ya nyuzi zisizofumwa, nao aghalabu hufumwa kwa dawa na moto. Iko njia nyingine: kuumulika kwa miale ya gama ya kobalti-60, au kwa mashine ya elektroni, ambayo nguvu yake huzipokonya molekuli baadhi ya chembe zake, zikabaki ncha tupu zinazotafutana mpaka zishikane, pasipo dawa. Kipimo kikizidi, au hewa ikiachwa kupenya, mionzi hiyo hiyo huikata minyororo ya molekuli iliyokusudiwa kuifunga. Plastiki ya florini ipakwayo vikaangoni, ingawa ni nduguye, hukatika tu, isipokuwa imepashwa moto hadi kupita kidogo kiwango cha kuyeyuka, mahali pasipo hewa.

Neno mionzi likitajwa, wengi hudhani kilichomulikwa hugeuka sumu. Sivyo, miale ya gama haiachi mionzi ndani ya mpira. Tena sisi si wageni wa jambo hili: Tanga ndiko walikofugwa na kuhasiwa kwa gama mbung'o dume zaidi ya milioni 8, wakamwagwa Unguja kutoka angani, hata mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kimesalimika na mbung'o.

Kanuni za mwaka 2018 zaitaka migodi inunue bidhaa na huduma za Watanzania, nasi twajisifu kwa kuiuzia mboga na walinzi, ilhali pete isiyojaza kiganja cha mtoto yavuka bahari. Sidai kiwanda kijengwe Shinyanga kesho. Mashine ya elektroni ni ghali, na kobalti hupoteza nusu ya nguvu zake kila miaka 5 na ushei. Nawasihi tu Tume ya Nguvu za Atomiki na wataalamu wa TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, waanze na kasha moja la pete, zimulikwe, zifungwe katika pampu za mgodi mmoja wa Kanda ya Ziwa, na matokeo yaandikwe kwa Kiswahili, fundi wetu wa Mhunze apate kuyasoma.