Ziwa Kivu: mstari wa rangi kwanza, GPS baadaye

Goma – Kila mara mashua inapozama kwenye ziwa Kivu, hapa kata Murara kama kwingine mjini, wapo wanaosema dawa ni vyombo vya kisasa: GPS, dira mpya, taa kali. Vyombo hivyo ni vizuri. Lakini kuvitanguliza ni kuwadanganya raia.

Ikumbukwe mashua Merdi. Tarehe 3 Oktoba 2024 ilitoka Minova, ikazama karibu na bandari ya Kituku, imebaki kidogo tu ifike. Jua lilikuwa limetoka na mji ulionekana. Nahodha hakupotea njia. Walioshuhudia walisema ilijaa kupita kiasi. Gavana wa Kivu Kusini alitaja watu 278 ndani na 78 waliokufa. Viongozi wengine wakatoa hesabu tofauti. GPS gani ingewaokoa pale?

Chombo cha kwanza cha mashua ni mstari wa rangi ubavuni. Maji yakiufikia, haongezwi mtu wala gunia. Cha pili ni orodha ya majina, ili familia zisitafute watu wao kwa kubahatisha. Cha tatu ni jile ya kuokoa maisha. Baada ya ajali ya Kalehe ya mwezi wa nne 2019, Rais Tshisekedi aliagiza kila abiria aivae. Miaka mitano baadaye, Merdi ikazama na watu wake.

Wenye mashua husema bila kujaza, pesa ya mafuta hairudi. Basi waseme bei ya kweli, wasilipize kwa roho za watu.

Wengine husema abiria mwenyewe akatae kupanda. Mama aliyekimbia vita, aliyefuata chakula Minova mwaka 2024 wakati barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na mapigano, angekataa apite wapi? Lawama hiyo si yake. Ni ya anayepakia na anayeruhusu.

Mashua ikishapakiwa kwa haki, hapo ndipo dira ina maana, hasa kwa wanaosafiri usiku kwenda Idjwi au Bukavu. Iwekwe mbali na mota na vyuma, maana chuma huvuta sindano yake. Simu yenye ramani iliyopakuliwa mapema huonyesha mahali hata bila rezo, kwa sababu inapokea alama za satelaiti. Lakini moto wa simu huisha. Dira haiishi moto. Na taa iwashwe, ili wavuvi wa sambaza waione mashua inakuja.

Yote hayo ni ya pili. Anayetoza taksi bandarini aangalie mstari kabla ya kupokea pesa. Ukiwa chini ya maji, mashua isiondoke, hata mwenyewe akiwa mkubwa wa nani. Kopo moja la rangi halijawahi kuwa ghali kuliko jeneza moja.