Ukingoni mwa Nile, Jinja

Msomaji wetu mmoja wa Chapwa, Tunduma, auliza kama mfanyakazi wa kawaida aweza kwenda kuuona Varanasi, mji mkongwe wa India ulio kando ya mto Ganges. Aweza, akiwa na nauli ya ndege. Asiye nayo na apande basi aende Jinja, Uganda. Ni safari ya siku kadhaa, lakini si ya kuvuka bahari.

Wahindu huwachoma wafu wao ukingoni Varanasi na kuyatia majivu mtoni, wakiamini kwamba roho hufunguliwa isizaliwe tena. Gandhi alipouawa tarehe 30 Januari 1948, majivu yake yaligawanywa. Sehemu yake ililetwa Jinja mwaka huo huo, ikatiwa katika Nile, pale mto utokapo Ziwa Victoria. Sanamu yake hapo ilizinduliwa mwaka 1997 na Waziri Mkuu wa India, I. K. Gujral.

Sanamu hiyo, kwa kweli, ni ya kutazamwa kwa dakika tano. Mgeni na apite Barabara Kuu pamoja na wanawe, atazame maduka ya zamani yenye baraza. Mengi yalijengwa na Wahindi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na jamii iliyoyapokea majivu yale ikatawanyika. Watoto watauliza waliojenga walikwenda wapi, wazazi wasiwafiche. Baadhi walirudi baada ya miaka mingi, wakakuta nyumba zao zina wakazi wengine.