Maktaba Inayofungwa Kabla ya Msomaji Kushuka Matatu

Kwa wakuu wanaosimamia maktaba za umma jijini Nairobi,

Maktaba za Eastlands zinatunzwa kwa kodi ya watu wasiowahi kuzikuta wazi. Wakazi wa Umoja, Kayole na Dandora hutoka alfajiri kwenda Industrial Area na mjini, na jioni hurudi wamebanana ndani ya matatu, foleni ya Barabara ya Jogoo ikienda kwa hatua. Wanaposhuka stejini, mlango wa maktaba umefungwa.

Mwandishi wa barua hii, kibarua wa kiwandani na mtahiniwa wa kujitegemea wa mtihani wa sekondari, KCSE, aliazima kitabu cha fasihi katika tawi moja. Siku ya kukirudisha, iliyogongwa muhuri kwenye karatasi ndani ya jalada, alifika akakuta kufuli. Mlinzi alikataa kukipokea: si kazi yake. Sanduku la kurudishia vitabu halikuwapo. Siku zilizofuata mambo yalikuwa yale yale, na kila siku mlango ulipofungwa faini iliongezeka. Alipoomba ruhusa kazini ili akirudishe, alikatwa ujira wa siku, akalipa faini, na akazuiwa kuazima kingine hadi adhabu iishe. Mtihani ulifika kabla ya adhabu kwisha.

Faini hiyo ilitozwa kwa sababu mlango ulifungwa. Msomaji alikuwa pale, kitabu mkononi. Ofisi iliyofunga mlango ndiyo iliyomwadhibu kwa kutoingia, na hakuna sheria ya haki inayoweza kuutetea utaratibu huo.

Historia inalifanya kosa hili kuwa zito zaidi. Maktaba ya McMillan ya jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na Waafrika hawakuruhusiwa kuingia hadi 1958. Leo ubaguzi wa rangi umeondoka, lakini mfanyakazi bado amebaki nje kwa sababu ya saa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti ili huduma imsogelee mwananchi. Mwaka 2018 shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilianza kushirikiana na kaunti kuyafufua majengo ya McMillan, Kaloleni na Makadara. Juhudi hizo zinastahili shukrani. Hata hivyo, jengo zuri halimfai msomaji anayelikuta limefungwa.

Njia za kumfikia msomaji aliye safarini zinajulikana. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya ilianza kubeba vitabu kwa ngamia kuwafuata wafugaji wa Garissa. Mwaka huo huo mji wa Santiago, Chile, ulianza kuazimisha vitabu ndani ya vituo vya treni. Mwaka 2015 mji wa Grenoble, Ufaransa, uliweka mashine za kuwachapia wapita njia hadithi fupi bila malipo. Serikali iliyoweza kumfuata mfugaji nyikani inaweza kumfikia abiria katika stesheni ya Makadara.

Kwa hiyo yanadaiwa haya. Kila tawi la Eastlands liwe na sanduku la kurudishia vitabu usiku na mchana. Faini isihesabiwe kwa saa ambazo mlango umefungwa. Matawi yafunguliwe hadi usiku angalau siku mbili kwa wiki, na pia Jumapili. Vibanda vya kuazimia viwekwe katika stesheni na steji kubwa. Vitabu vya kidijitali vipakuliwe bure kwa intaneti ya maktaba na visomeke njiani bila bando.

Zahanati na ofisi nyingi za umma nazo hufungwa kabla kibarua hajafika. Jiji zima limezoea kumhudumia mwenye nafasi na kumlipisha asiye nayo. Mabadiliko yaanzie maktabani, ambako gharama yake ni ndogo. Majibu yabandikwe kwenye mlango wa kila tawi, upande wa nje, pamoja na saa mpya za kufungua.

Mkazi wa Umoja